Mkono Chini ya Shali

Kosa la kwanza lilikuwa la Madino, na alilifanya kwa kuona haya.

Mume wake, Diriye, alikuwa amelazwa sebuleni tangu kiharusi kimwangushe. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa na ulimi umefungwa, ila mkono wa kulia haukulala. Vidole vilijikunja na kujikunjua juu ya blanketi, vikibana hewa, viwili, halafu vitatu, halafu nusu ya kimoja, na wageni waliokuja kumjulia hali walikuwa wakiviangalia hivyo vidole badala ya kumwangalia yeye usoni. Majirani Wakamba walidhani ni ugonjwa tu. Lakini wafanyabiashara wa mifugo wa Tala walijua wanachokiona, na walikuwa wanamaliza chai yao haraka na kuaga. Madino akaona aibu. Akachukua shali la mumewe, lile la kijivu lenye pindo jekundu alilokuwa akilitupia begani miaka yote sokoni, akaufunika ule mkono.

Sasa niambie, ni nani anayefunika mkono wa muuza mbuzi kwa shali akitarajia utatulia? Ndiyo kwanza ukaamka.

Watu wa Diriye hawauzi mifugo kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono, shali likatupwa juu, na bei ikasemwa kwa vidole huko chini ambako hakuna anayeona. Kidole kimoja kikishikwa ni elfu moja. Kikibanwa katikati ni mia tano. Mkono mzima ni elfu tano. Mdomoni wanaulizana habari za watoto na mvua, na anayesimama kando hajui kama mbuzi amefika elfu nane au kumi na mbili. Wakikubaliana, kiganja hupigwa kwa kiganja, shali likaondolewa, na hapo hakuna kurudi nyuma. Hata mbuzi akianguka akafa dakika hiyo hiyo, ni wako.

Basi chini ya shali lake Diriye akaanza kazi kweli kweli. Alasiri moja mzee mwenzake wa sokoni aliingiza mkono ili amuage, akakwama huko. Alikaa amekodoa macho, bega linacheza, na alipoutoa alikuwa anatokwa na jasho. Madino alimsindikiza hadi mlangoni.

"Huyu yuko sokoni, mama Hafso," mzee akasema, akiinama kutafuta viatu vyake. "Kuna mtu anamtaka, na yeye hakubali bei."

"Mtu gani?"

Mzee alivaa viatu polepole kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akasema Mungu atampa afueni, akaenda zake.

Tangu hapo Madino alikuwa na jambo moja tu analoliogopa duniani, nalo ni siku mume wake atakapokubali.

*

Diriye hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Hafso, binti yake mkubwa, na huyo ndiye aliyekuwa akiendesha biashara hata kabla ya kiharusi, ingawa ungemuuliza mtu yeyote Tala angekuambia biashara ni ya Diriye. Hafso ndiye aliyefuata kibali cha kusafirisha mifugo, akamwita daktari wa chanjo, akatafuta lori, akatuma pesa kwa simu. Alimjua mbuzi mgonjwa kwa kumsikia akikohoa tu. Kitu kimoja tu hakufanya: kuingiza mkono chini ya shali. Mkono wa mwanamume asiye wa nyumbani si wa kushikwa naye. Hakuna aliyewahi kumkataza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba itabidi akatazwe.

Boma lao liko pale nyuma ya soko, mabati juu na uzio wa miti upande wa barabara. Mwezi ule lilikuwa limejaa mbuzi mia na kitu, wote wamenunuliwa kule Ekalakala na kulipiwa papo hapo. Akiba yote ya nyumba ilikuwa imesimama mle ndani inalia mee. Mvua ya Machi ilikuwa imedanganya watu, ikanyesha kidogo ikala kona, na robota la nyasi lililokuwa la shilingi mia mbili na hamsini sasa lilikuwa mia nne. Idd kubwa ilikuwa inakaribia. Kabla ya Idd mbuzi ni dhahabu. Siku inayofuata ni mdomo wa kulisha.

Abdilatif, mdogo wake Diriye mwenye bucha mjini Machakos, alifika na mfuko wa machungwa. Alimwangalia kaka yake kidogo, akaangalia shali linavyotikisika, akahamia kiti cha mbali.

"Hafso, mimi nitakuwa mkono wako," alisema. "Mimi ni baba yako mdogo. Nitashikana na wanunuzi, wewe utakaa ofisini na mambo ya simu."

"Ofisi gani, Adeer?"

"Tutatafuta ofisi."

"Mara ile ya kwanza ulikuwa mkono wangu. Ulirudi ukaniambia mbuzi wameenda kwa elfu saba na nusu."

"Ndiyo."

"Wiki hiyo hiyo Wambua wetu wa Ekalakala aliuza wengine kwa hoteli, kwa mdomo tu. Wadogo kuliko wale. Akapata elfu nane."

Abdilatif alimenya chungwa lake bila haraka. "Kwani ulikuwa chini ya shali wewe?"

Hakuwepo. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Chini ya shali kuna watu wawili tu, na wakitoka na bei moja mdomoni na nyingine mfukoni, utawashitaki kwa nani? Hafso alikuwa anamheshimu huyu mtu, alibebwa naye mgongoni akiwa mtoto, na sasa alikuwa amemwita mwizi kwa njia ya kumzunguka na yeye hata hakukasirika.

"Sikiliza," Abdilatif akamwambia Madino sasa, kana kwamba Hafso ametoka. "Haji Mustaf anakuja Tala kuchukua mzigo wa Idd. Kama Hafso atamuuzia, mimi nitanyamaza, boma ni lake. Kama hawezi, hao mbuzi nitawachukua mimi wote kwa elfu sita kila mmoja, na boma nitaliangalia. Nyinyi ni damu yangu, siwezi kuwaacha mhangaike. Kila mwezi nitawaletea kitu."

"Kitu gani?" Hafso akauliza.

"Kitu," Abdilatif akasema.

*

Siku ya soko Hafso alitoka na Wambua, mtu wa Ekalakala anayewazungukia wakulima na kuwakusanyia mbuzi, mrefu, mwenye kofia ya zamani ya benki fulani. Karani wa ushuru alikuwa mpya. Aliwahesabu mbuzi kwa kalamu, akainua macho.

"Mwenye mali ako wapi?"

"Ni mimi," Hafso akasema.

"Hapana, mwenyewe. Wa kuandikwa."

"Huyu ndio mwenyewe vyu, kweli kabisa," Wambua akasema. "Andika, ama unataka tuandike ile beberu?"

Karani akaandika: Diriye. Hafso akalipa.

Haji Mustaf alikuja na gari lake jeupe saa watu wamejaa. Ni mnunuzi wa Nairobi anayejaza lori kwa machinjio makubwa, mtu mzima, mpole, ndevu zimepakwa hina. Alitembea kati ya mbuzi wa Hafso akiwabonyeza mgongo kwa dole gumba, akiwafunua meno, na kila aliyekuwa karibu aliona kwamba amewapenda. Madalali wakaanza kusogea kando kama watu wasio na habari. Haji akashusha shali lake begani, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hapo hewani kwa sababu mbele yake alisimama Hafso.

Haji aliugeuza mkono pole pole kuelekea kwa Wambua. Wambua aliuangalia kama ameombwa figo.

"Mimi Haji hiyo lugha sina," alisema. "Niko na mdomo tu."

Watu walicheka. Hafso akatoa simu. "Haji, niandikie bei yako hapa, na mimi nitakujibu. Hakuna mtu atasikia."

"Kwa simu mimi naagiza gesi," Haji Mustaf akasema. "Binti yangu, maandishi yanabaki. Leo nitakuandikia wewe, kesho kila mtu katika soko hili ananionyesha simu anasema, mbona binti Diriye ulimpa hivi? Vidole haviachi kitu nyuma." Hakuwa na ukali hata kidogo, na hapo ndipo palipouma. "Mbuzi ni wazuri. Ijumaa nafunga mzigo. Niletee mkono."

Akatupa shali begani na kwenda safu ya pili. Madalali waliokuwa hawana habari wote walikuwa na habari sasa.

Kalekye, mama mmoja wa Ekalakala ambaye nusu ya wale mbuzi walizaliwa kwake, alikuwa amekaa juu ya ndoo akiyaona yote. "Aiya," alisema. "Mnauza mbuzi ama mnaposana? Sisi pesa ikikuja hatuulizi imeletwa na nani."

Hafso alijikaza akatabasamu. Kisha akaenda nyuma ya choo cha soko, akalia, akaosha uso kwa maji ya chupa, na akarudi kuwapa mbuzi nyasi.

*

Alipofika nyumbani hakubadilisha nguo. Alivuta stuli, akaketi kando ya baba yake, na akaingiza mkono chini ya shali.

Alikuwa na miaka minne au mitano alipocheza mchezo huu mara ya mwisho. Baba yake alikuwa akimpakata mbele ya boma, anamfunika mkono, anambana vidole vyake vidogo na kumuuliza mbuzi huyu ni pesa ngapi, na yeye anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Alidhani mkono huo utamjua. Ulimshika kama unavyomshika mtu wa mbali, kwa adabu, kwa nguvu, bila upendo wowote.

Alitoa elfu nane. Diriye akaitupa, yaani akaikataa. Akatoa tisa. Mkono ukamsukuma kando, kisha ukamshika mkono mzima mara mbili na kuongeza vidole vinne: kumi na nne. Macho ya baba yake, ambayo wiki hizo zote yalikuwa yakiangalia dari, yalikuwa yamegeukia ukuta na yanang'aa. Hafso akapandisha, akateremsha. Alijifunza jinsi anavyosubiri. Alijifunza ule ujanja wake wa kulegeza vidole ghafla ili udhani ameondoka, na wewe kwa hofu unaongeza mia tano. Alasiri nzima baba yake, ambaye hakuwahi kufikiria kumfundisha, alimfundisha bila kumjua, na Hafso alikuwa na furaha ambayo aliionea aibu.

Kisha, kwa kujaribu tu, akamtolea elfu ishirini.

Hakuna mbuzi wa elfu ishirini Tala. Mtu angekupigia kiganja kabla hujamaliza kubana. Diriye aliitupa bei hiyo kama takataka. Hafso akatoa thelathini. Akatupa na hiyo. Akatoa hamsini. Mkono ukamsukuma mpaka mgongo wake ukagonga kiti kilichokuwa nyuma yake.

Basi si mbuzi. Hafso alikaa pale na mkono wake ukiwa mle ndani, na akaelewa kwamba hakuna bei ambayo baba yake angeikubali.

"Toa mkono," Madino alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya uji, na haikujulikana ni tangu saa ngapi.

Hafso akatoa. "Hooyo, Haji Mustaf akija hapa kumjulia hali, anaweza kushikana na baba. Mkono anao. Mimi nitashika kifundo cha mkono wa baba nijue kinachosemwa, na nitamwongoza. Hakuna dhambi hapo, ni baba yangu."

"Na wakipigiana kiganja?"

"Ndiyo tunachotaka."

Madino akaweka sahani chini kwa uangalifu sana. "Umeshika huo mkono mchana kutwa. Uliona anauza nini?"

"Ni mishipa, Hooyo. Daktari alisema mishipa ya kichwa inarudia kazi iliyozoea."

"Daktari anajua mbuzi?"

"Tukikosa Ijumaa, Adeer anachukua kila kitu. Tutakuwa tunangoja hicho kitu chake cha kila mwezi. Dawa zitatoka wapi?"

"Wewe unataka kumuuza baba yako."

"Nataka kuuza mbuzi."

"Yeye hajui tofauti," Madino akasema. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akachukua kijiko, akaanza kumlisha mumewe uji, kidogo kidogo, akimfuta kidevu kila mara. Hafso alimwomba msamaha kwa yale maneno. Hakusema ataacha mpango wake.

*

Haji Mustaf alikuja Ijumaa baada ya swala, kama Hafso alivyomwomba. Sebule ilikuwa imefagiwa na udi umefukizwa. Abdilatif alikuwa ameshafika, amekaa kiti chake cha mbali, na Wambua alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani. Madino hakukaa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na mtandio mdomoni.

Haji aliomba dua, akamshika mgonjwa paji la uso. Walikuwa wamefanya biashara pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Ndipo alipoona Hafso ameketi upande wa pili, mkono wake umeshazama chini ya shali.

"Nimeshika kifundo cha baba yangu," Hafso akasema. "Sitagusa kingine."

Haji alifikiri. "Mkono wa baba yako hakuna wa kukuzuia," akasema, na akaingiza wake.

Walianza. Mdomoni Haji alikuwa anauliza habari za mvua na Hafso anajibu kwamba Masinga wamepata kidogo, Yatta hakuna. Chini, Haji alitoa elfu nane. Hafso aliisikia kwenye mishipa ya baba yake kama mtu anayesikia maji ndani ya bomba. Diriye akatupa. Tisa. Diriye akangoja, akamwacha angoje, akatupa. Haji akauliza, watoto wa Ilhan hawajambo? Hawajambo, Hafso akasema, dada yangu anawaleta Idd. Kumi. Kumi na nusu. Kila Diriye alipotaka kusukuma kwa nguvu, Hafso alimbonyeza kifundo taratibu, na mkono ukatii, ukasubiri, ukalegea kwa ule ujanja wake, na Haji Mustaf aliyezeeka katika kazi hii akaongeza mia tano kwa hofu kama kijana wa juzi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Haji alijifuta ndevu kwa mkono wa kushoto.

"Mvua imekataa kabisa," alisema.

"Imekataa, Haji."

Elfu kumi na tatu. Kisha nusu. Na hapo Haji akashika, akabaki ameshika, asibane wala asiachie. Hiyo ilikuwa ya mwisho, na Hafso aliijua bila kuambiwa. Hakuna mtu Tala aliyewahi kuuza mbuzi wa jumla kwa elfu kumi na tatu na nusu. Ilikuwa dawa za mwaka, nyasi, mbuzi wengine, jina lake mwenyewe kwenye risiti.

Diriye akatupa.

Hafso akabonyeza kifundo. Diriye akatupa tena. Haji Mustaf aliinua macho yake kwa Hafso, na yalikuwa macho ya mtu aliyefungua mlango usio wake. "Anajua anachouza?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hafso alizidi kubonyeza kifundo.

"Usikubali," Madino akasema kule mlangoni. Alikuwa anamwambia mumewe. "Usikubali, Diriye. Usikubali."

"Basi yameisha," Abdilatif akasema na kuinuka, akipapasa mfuko kutafuta funguo za gari. "Tumejaribu, si vibaya. Wambua, kesho asubuhi ulete lori."

Haji akaanza kuutoa mkono wake. Hafso alimwona baba yake. Alimwona mama yake. Hebu tuseme ukweli, alikuwa na wakati wa kutosha wa kufikiri, maana watu baadaye walisema mambo yalitokea haraka, na si kweli. Aliacha kifundo, akashika vidole vya baba yake, akaanza kuvifungua kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu. Vilikuwa vinang'ang'ania kama mtu anayeshikilia mlango unaovutwa kutoka nje. Cha mwisho kilipofunguka, Hafso aliupiga mkono ule kwenye kiganja cha Haji Mustaf.

Ilikuwa sauti ndogo tu. Shali likateleza likaanguka.

"Umeuza?" Haji akauliza, na alikuwa anamuuliza yeye.

"Nimeuza."

"Nimenunua."

"Kaka yangu hakukubali," Abdilatif akasema. "Ni huyu msichana amepiga, tumeona wote."

"Kiganja kimepigwa," Haji Mustaf akasema, bila kumgeukia. "Aliyepiga ndiye muuzaji."

Lakini hakuna aliyekuwa akiwasikiliza, hata wao wenyewe. Wote walikuwa wanauangalia mkono wa Diriye juu ya blanketi. Ulikuwa umelala wazi, kiganja juu, vidole vimetulia. Kifua kilipanda na kushuka kama kawaida. Macho yalikuwa yamerudi darini. Madino alitembea hadi kitandani, akaokota shali, akaufunika mkono, akangoja.

Shali halikutikisika.

*

Hakufa. Niliseme hili mapema kwa sababu kule sokoni walishamzika kwa mdomo. Diriye alikula uji wake, alilala, aliamka, Idd ikaja ikapita. Mkono ulikuwa na joto. Hafso aliushika kila siku, akabana vidole, akatoa elfu nane, akatoa hamsini, akatoa yote aliyokuwa nayo, na hakuna aliyejibu.

Abdilatif alitimiza neno lake, alinyamaza. Karani wa ushuru aliandika Hafso bila kuambiwa, na siku nyingine akamwita madam. Madalali waliokuwa wakisogea kando sasa walimsogelea. Na Haji Mustaf alipokuja kuchukua mzigo wa pili alimkuta bomani, akashusha shali lake, akazungushia mkono wake wote mpaka kwenye kucha, halafu akamwambia Hafso azungushie wake na mtandio. "Vidole vinasikika hata ndani ya nguo," alisema. "Tutafanya hivi."

Hafso aliuzungushia mkono wake mtandio. "Hata siku ile ya kwanza vingesikika, Haji."

Haji Mustaf akakohoa. "Siku ile nilikuwa sikujui," alisema.

Wakashikana, nguo kwa nguo, na Hafso akauza vizuri sana. Alingoja pale pa kungoja. Alilegeza pale pa kulegeza. Wambua aliyekuwa akitazama alisema baadaye kwamba hata bega alilichezesha kama mzee, na Hafso akamwomba asiseme hivyo tena.

Nyumbani Madino alikuwa hamsemeshi. Alimpakulia chakula, alimfulia, akiulizwa jambo anajibu ndiyo au la. Hakumlaani wala hakumlaumu, na Hafso alitamani angemlaumu.

Kisha alasiri moja alirudi kutoka Ekalakala, vumbi mpaka kwenye nyusi, na lori linamfuata nyuma na mbuzi wapya. Sebuleni alimkuta mama yake ameketi kwenye ile stuli. Mkono wake ulikuwa chini ya shali la kijivu, unahangaika huko ndani bila mpango, mkono wa mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Njoo hapa," Madino akasema. Lilikuwa neno la kwanza, ukiacha ndiyo na la, tangu Ijumaa ile. "Unifundishe."

"Nini, Hooyo?"

"Mnasemaje kwa vidole kwamba mali irudishwe?"

Hafso alisimama na mkoba wake begani. Nje Wambua alikuwa anafungua mlango wa lori na mbuzi wanaruka chini. Sokoni kuna namna ya kusema nusu, na robo, na subiri, na umenitukana. Hiyo ya mama yake haipo. Watu wa baba yake hawakuwahi kuihitaji, kwa sababu kiganja kikishapigwa imekwisha, na Madino ambaye ameolewa na muuza mbuzi ujana wake wote alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Hafso akaweka mkoba chini. Akapiga magoti kando ya stuli, akaingiza mkono, akaupata mkono wa mama yake na akaupeleka kwenye dole gumba la baba yake.

"Unashika hapa," alisema. "Dole gumba lote. Hubani. Unashika tu, huliachii."

"Hivi?"

"Hivi hivi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ajibu."

Madino akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa, akajisogeza vizuri kwenye stuli. Hafso alitoka kwenda kupokea mbuzi wake. Aliwatenga wagonjwa, akamlipa dereva, akafunga boma, na aliporudi ndani kuwasha taa mama yake alikuwa bado ameshika.